Kuunda injini ya Stirling ya kuzalisha umeme wa nyumbani kwa joto la kuni na makapi

Anayetaka kugeuza joto kuwa umeme nchini Uganda hana shida ya moto. Familia nyingi hupika kwa kuni au makaa kila siku, na mashambani kuna makapi ya kahawa kuzunguka Mbale na Masaka, makapi ya mpunga katika Butaleja na Bugiri, magunzi ya mahindi karibu kila wilaya, na mabaki ya miwa, ambayo viwanda vya sukari kama Kakira huyachoma ili kuendesha mitambo ya umeme. Shida ipo upande wa pili wa mashine, yaani katika kuipoza, kuizuia isivujishe hewa, na kupunguza msuguano. Injini ya Stirling, ambayo huendeshwa na hewa iliyofungwa ndani yake inayopashwa moto na kupozwa kutoka nje, ikikataa kuzunguka, ni nadra kuwa imekosa moto. Mara nyingi imekosa moja kati ya hayo matatu. Kwa sababu hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye upande wa baridi na kwenye sehemu zinazosuguana, na utapita haraka kwenye jiko, ambalo mafundi wetu wanalijua vizuri.

Umeme utakaopatikana

Kabla ya kununua hata kipande kimoja cha chuma, inafaa kujua kazi itazaa nini. Injini inayoelezwa hapa hutumia hewa ya kawaida isiyogandamizwa, na ikitengenezwa kwa makini inaweza kutoa wati 9 au 10 za umeme. Moto ukiwaka saa 4 kwa siku, hizo ni takriban wati-saa 40, ambazo baada ya kupita kwenye betri hubaki kama 30. Kiasi hicho kinatosha kuwasha taa 2 za LED za wati 3 kwa saa 5, au kujaza simu moja yenye betri ya wati-saa 19 na kubakiza mwanga wa jioni. Hakitoshi friji, wala pasi, wala televisheni kubwa.

Kama unachohitaji ni mwanga tu na nyumbani kwako moto hauwaki muda mrefu, nunua paneli ya sola. Ni rahisi zaidi kuifunga na haihitaji fundi. Injini hii inamfaa mtu ambaye moto wake unawaka tayari kwa kazi nyingine na joto lake linapotea bure: jiko la shule linalochemsha posho (ugali) na maharage tangu alfajiri, muuza chapati, mkaushaji wa mazao, au nyumba kubwa inayopika matoke kwa saa nyingi. Inafaa pia katika miezi ya mvua, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba katika sehemu za kusini, wakati mawingu hupunguza kazi ya sola. Tena maji yanayoipoza hutoka yakiwa ya uvuguvugu mzuri wa kuogea, na kwa maoni yangu faida hiyo ina uzito sawa na ya umeme wenyewe.

Jinsi inavyofanya kazi

Injini hii ilipata hati yake ya ubunifu mwaka 1816, ikiwa ya Robert Stirling, mchungaji wa kanisa kutoka Scotland. Ndani yake kuna hewa ileile, haitoki wala haiingii, na moto unakaa nje. Hewa ikiwa upande wa moto hutanuka na kusukuma pistoni. Ikihamishiwa upande wa baridi hunywea na kuivuta pistoni irudi. Kinachoihamisha hewa hiyo ni displesa, yaani mtungi mwepesi uliofungwa, mwembamba kidogo kuliko silinda yake, unaopanda na kushuka bila kugusa kuta. Displesa ikipanda, hewa hupita pembeni mwake na kushuka kwenye joto. Ikishuka, hewa hupanda kwenye ubaridi. Displesa haisukumwi na hewa na wala haizalishi nguvu. Kazi yake ni kuhamisha tu. Nguvu inatoka kwenye pistoni, ambayo katika muundo tutakaoutumia, unaoitwa gama, ina silinda yake peke yake.

Ili mambo haya mawili yafuatane ipasavyo, displesa hutangulia pistoni kwa robo ya mzunguko, yaani nyuzi 90. Hewa inapopita pembeni mwa displesa kushuka au kupanda, huacha joto kwenye kuta na kulichukua tena inaporudi, jambo ambalo Stirling mwenyewe alilitilia mkazo katika hati yake, kwa kuwa ndilo linalookoa kuni.

Nguvu hukadiriwa kwa kanuni iliyotokana na kazi za Mmarekani William Beale: zidisha 0.015 kwa presha ya hewa kwa bar, kwa mizunguko ya kila sekunde, kwa ujazo ambao pistoni hupitia kwa sentimita za ujazo, na jibu ni wati. Kanuni hiyo ilipimwa kwenye injini zilizotengenezwa kiwandani kwa ustadi mkubwa na zenye joto kali, kwa hiyo kwa injini ya karakana chukua theluthi yake. Pistoni yetu ina kipenyo cha milimita 100 na mwendo wa milimita 80, ambao ni ujazo wa takriban sentimita za ujazo 630. Kwa bar 1, yaani presha ya hewa ya kawaida, na mizunguko 5 kwa sekunde, kanuni inatoa wati 47, theluthi yake ni kama 16, na jenereta ndogo itageuza karibu asilimia 60 ya hizo kuwa umeme.

Silinda ya moto

Chuma unachokichagua hapa ndicho kinachoamua kama injini itazunguka. Silinda ya displesa inasimama wima, chini yake ikiwa motoni na juu yake ikiwa kwenye maji, kwa hiyo joto lina njia mbili za kupanda: kupitia hewa, ambayo ndiyo njia tunayoitaka, na kupitia ukuta wa silinda, ambayo ni hasara tupu. Injini hii hupokea takriban wati 300 za joto kupitia kofia yake, yaani ncha ya chini ya silinda iliyofungwa na kukaa motoni. Ukuta wa stenlesi wenye unene wa milimita 1.5 utapitisha karibu wati 60. Bomba la chuma cha kawaida lenye unene wa milimita 3 litapitisha zaidi ya wati 300, yaani joto lote la injini litapanda ukutani na kuishia kwenye maji bila kufanya kazi yoyote. Watu wengi hutengeneza silinda nzuri ya bomba la maji, kisha wanashangaa kwa nini maji yanachemka na gurudumu halizunguki.

Tafuta basi bomba la stenlesi la kipenyo cha ndani cha milimita 153 hivi na urefu wa milimita 325, au bati la stenlesi la milimita 1.5 ulikunjishe kwenye rola. Mabomba ya namna hii hutoka kwenye mitambo iliyokwisha ya viwanda vya maziwa na vinywaji, na huonekana kwa wauza vyuma chakavu. Kwa Kampala, anza Kisenyi na Katwe, ambako mafundi hutengeneza mashine za kusaga na vipuri vyake, na ambako utapata pia mtu wa kukereza. Mshono na kitako vichomelewe kwa agoni, yaani kwa mashine ya kuchomelea inayotumia gesi hiyo, kwa sababu ufa mdogo kama unywele unatosha kuiua injini, na mchomeleo wa kawaida wa vijiti kwenye bati jembamba mara nyingi huacha matundu. Alumini isikaribie upande huu kabisa: huyeyuka kwa nyuzi 660 na huanza kulegea mapema sana kabla ya hapo.

Igawe silinda kwa macho katika sehemu tatu. Sentimita 10 za chini zitakaa motoni. Sentimita 11 au 12 za kati zisiguswe na moto wala maji. Ndizo zinazotenganisha pande mbili, na uzifunge kwa udongo au sufu ya madini isiyoungua. Sentimita 10 za juu zitazungukwa na koti la maji.

Displesa na fimbo yake

Displesa ina kipenyo cha milimita 150 na urefu wa milimita 240, mara 3 ya mwendo wake wa milimita 80. Urefu huo ni wa lazima, kwa sababu displesa fupi hupitisha joto kutoka kitako hadi kichwani. Itengenezwe kwa bati la stenlesi la milimita 0.5, na ndani yake ziwekwe sahani 3 za bati hilohilo zilizopangwa mbalimbali ili kuzuia mnururisho wa joto. Uzito wake utakuwa karibu gramu 800. Toboa tundu la nusu milimita kwenye mfuniko wa juu, upande wa baridi, ili hewa ya ndani isibanwe inapopata moto.

Nafasi ya milimita 1.5 inayobaki kuzunguka displesa ndiyo itakayofanya kazi ya kutunza joto. Ikiwa kubwa zaidi, hewa nyingi hubaki bila kufanya kazi. Ikiwa ndogo zaidi, hewa husongeka na displesa inaweza kukwaruza ukuta chuma kinapotanuka. Kuna wanaofunga utepe wa wavu mwembamba wa stenlesi kuzunguka displesa ili kuongeza utunzaji wa joto, na ni hatua nzuri, lakini ifanyike baada ya injini kuzunguka. Usitumie sufu ya chuma ya kawaida ya kusugulia sufuria, kwani huungua na kuacha vumbi la kutu ndani ya silinda.

Fimbo ya displesa hupita katikati ya bamba la juu kupitia bushi, yaani kipande chenye tundu kinachoiongoza, na hapo hewa haitakiwi kutoka. Inatakiwa iwe imenyooka kabisa na iwe laini. Fimbo za mashine za kuchapia zilizokufa, ambazo kichwa cha wino huteleza juu yake, zimenyooka kwa usahihi mkubwa. Fimbo ya shokabzoba ya pikipiki, yenye kipenyo cha milimita 10 au zaidi kidogo na iliyopakwa kromu, nayo inafaa. Bushi iwe ya shaba nyeusi, urefu wake usipungue milimita 45, na itobolewe kwa kipimo cha fimbo yenyewe. Ishike fimbo wima na uiachie kwenye bushi: inatakiwa iteremke polepole kwa uzito wake, bila kutikisika pembeni. Paka unga wa grafiti mkavu, usipake grisi.

Koti la maji

Hapa ndipo ningependa msomaji asipunguze gharama. Koti ni mkanda wa bati uliochomelewa kuzunguka sehemu ya juu ya silinda, ukiacha nafasi ya milimita 15 ya maji, wenye mdomo wa kuingizia maji chini na wa kutolea juu, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili. Bamba la juu nalo lipozwe, kwa sababu hewa hugonga hapo moja kwa moja. Bamba la alumini la milimita 10 linafaa sana, likiwa limekazwa kwenye flanji ya silinda, yaani ukingo wake mpana wa juu, kwa boliti 8 na gasketi ya silikoni inayostahimili joto.

Hakuna haja ya pampu. Weka pipa la maji ili kitako chake kiwe juu ya koti, unganisha sehemu ya chini ya pipa na mdomo wa chini wa koti, na bomba la kutolea lipande moja kwa moja hadi sehemu ya juu ya pipa, chini kidogo ya uso wa maji. Maji yaliyopata joto huwa mepesi na hupanda yenyewe. Bomba hilo lisiwe na mahali linaposhuka kisha kupanda tena, kwani hewa hukwama kwenye kilima hicho na mzunguko wa maji husimama. Tumia mabomba ya robo tatu ya inchi au zaidi.

Kiasi cha maji si jambo la kukisia. Injini itamwaga karibu wati 285 kwenye maji, ambazo kwa saa 4 ni megajuli 4.1. Maji ya jerikeni 2, yaani lita 40, yatapanda kwa karibu nyuzi 24, kutoka 23 hadi 47, na kufikia hapo nguvu itakuwa imeshapungua. Lita 100 zitapanda nyuzi 10 tu. Napendekeza lita 100, huku ukichota za juu kwa kuogea na kufulia na kuongeza za baridi chini, njia ambayo huifanya injini iendelee na nguvu yake hadi mwisho wa mapishi.

Pistoni na silinda yake

Kwa silinda ya pistoni tafuta laina, yaani silinda ya ndani, ya chuma cha kusubu (cast iron) ya injini ya dizeli, ya trekta au ya lori, yenye kipenyo cha karibu milimita 100. Ikiwa ni milimita 98 au 102, chukua. Rekebisha tu hesabu. Isiwe na ukingo wa kuchakaa ndani, na ikibidi mpe fundi aisafishe kwa honi, yaani kifaa cha kulainisha silinda kwa ndani. Ifunge kwenye bamba la juu, kando ya silinda ya displesa, na uunganishe nafasi zao mbili kwa njia fupi na pana, isiyopungua milimita 25 kwa kipenyo. Kila sentimita ya bomba refu hapa ni hewa inayobanwa na kuachiwa bure.

Pistoni halisi ya dizeli haifai. Ni nzito, na pete zake za chuma hubana sana, kiasi kwamba injini ndogo ya hewa hutumia nguvu yake yote kuzisukuma tu. Kereza pistoni mpya ya alumini, fupi na iliyotobolewa ndani iwe nyepesi, pungufu ya laina kwa milimita 0.4, yenye mifereji 2 ya pete za tefloni. Pete zikatwe mshazari na ziachiwe pengo la milimita 1.5 mahali zilipokatwa, kwa sababu tefloni hutanuka sana ikipata joto na pete isiyo na pengo itakwama dakika chache baada ya kuwasha. Tefloni iliyochanganywa na kaboni au shaba hudumu zaidi kuliko ile nyeupe tupu.

Usitie oili humu ndani. Mvuke wake hufika upande wa moto, huungua na kuganda kuwa masizi magumu yanayoziba nafasi ya displesa. Na kwa injini zenye hewa iliyogandamizwa jambo hili ni baya zaidi, kwani hewa nzito, ukungu wa oili na chuma chenye moto vinaweza kulipuka.

Kranki, beringi na flaiwili

Kranki, yaani ekseli inayogeuza mwendo wa kwenda na kurudi kuwa mzunguko, ni moja na ina mikono miwili, kila mmoja ukiwa na milimita 40 kutoka katikati, na kati yao pembe ya nyuzi 90. Konrodi, yaani vyuma vinavyounganisha kranki na pistoni au fimbo, zisiwe fupi kuliko milimita 160, la sivyo zitasukuma pistoni na fimbo kwa upande. Fimbo ya displesa ipewe kiongozi juu ya bushi, mfano reli mbili na kipande kinachoteleza kati yake, ili bushi isichukue mzigo wa pembeni. Wanaoacha kipande hiki huona bushi yao imekuwa yai baada ya muda mfupi.

Beringi za 6202 au 6203, ambazo hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vipuri, zinatosha kila mahali. Zikiwa mpya huja na mipira ya kuziba na grisi nzito, na vitu hivyo viwili hula nguvu ambayo hatuna. Toa mipira kwa ncha ya kisu, zioshe beringi kwa mafuta ya taa hadi grisi yote itoke, zikauke, kisha tia matone machache ya oili nyepesi ya cherehani. Kabla ya kuosha, beringi ukiizungusha kwa kidole husimama papo hapo. Baada ya kuosha itaendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa. Tofauti hiyo, ikizidishwa kwa beringi zote, ni kubwa kwa injini ya wati 16.

Flaiwili, yaani gurudumu zito la kutunza mwendo, iliyo nzuri zaidi kwa mazingira yetu ni puli ya chuma cha kusubu ya mashine ya kusaga mahindi, ya kipenyo cha sentimita 30. Ina uzito wa kutosha, imekerezwa katikati, na ina mfereji wa mkanda tayari. Ongeza kipande cha uzito upande ulio kinyume na mkono wa pistoni ili mashine isitikise msingi wake.

Majaribio kabla ya moto

Acha kwenye bamba la juu tundu moja la boliti ya milimita 12 linalofunguka na kufungwa. Kwanza ulifungue, uzungushe flaiwili kwa mkono, na usikilize. Inatakiwa izunguke mara nyingi na kusimama polepole. Ikisimama baada ya mizunguko mitatu au minne kuna mahali inabana, na utafute hadi upate, ukiondoa konrodi moja kwa wakati. Kisha funga boliti na usukume pistoni chini. Itagoma na kukurudisha. Iwekee uzito na uangalie: ikizama ndani ya sekunde moja, hewa inavuja, paka povu la sabuni kwenye mishono, flanji na bushi, na mapovu yatakuonyesha mahali. Usiwashe moto kabla ya kuridhika na vipimo hivi viwili. Hakuna moto utakaofidia uvujaji.

Jiko

Udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa au vumbi la mbao, ambao hutumika sehemu nyingi za Uganda kujengea majiko ya kuokoa kuni, ndio unaotakiwa hapa pia. Jenga jiko la matundu mawili na dohani. Kofia ya injini ikae kwenye tundu la kwanza, ambako moto ni mkali zaidi, na sufuria kwenye la pili. Moto wa kilowati 3, unaokula karibu gramu 700 za kuni kavu kwa saa, unatosha injini na sufuria.

Kuni na makapi yawe makavu. Nishati ya kuni mbichi huishia kukausha maji yake. Makapi ya mpunga yana majivu mengi yenye silika, na ya kahawa yana potasiamu inayofanya majivu yalainike na kuganda, kwa hiyo vyote viwili huhitaji wavu wa chini unaotikisika na nafasi ya kutolea majivu. Magunzi ya mahindi huwaka safi na ni mepesi kushughulikia.

Injini na jiko viwe mahali penye hewa, mbali na paa la nyasi, kwa sababu gesi ya moto usio na hewa ya kutosha huua bila harufu. Zungushia flaiwili na mkanda uzio wa wavu ili watoto wasiingize mikono.

Kuwasha

Jaza maji kwanza, daima. Fungua ile boliti ya bamba la juu ili hewa inayotanuka itoke, washa moto, na usubiri hadi kofia iwe na joto la kutosha; ukiitazama gizani ikianza kuonyesha wekundu hafifu, imefikia nyuzi 500 na kitu, na hapo ndipo mwisho wake pia. Wekundu mkali hufupisha maisha ya chuma. Funga boliti na uzungushe flaiwili kwa mkono kuelekea upande ambao displesa hutangulia pistoni. Upande wa pili itakataa.

Ikizunguka mara chache na kusimama, gusa koti la maji. Likiwa la moto juu hadi chini, maji hayazunguki, na hewa imekwama kwenye bomba. Likiwa baridi kabisa na kofia ina wekundu, hewa ya ndani haifiki kwenye joto, na huenda displesa haiteremki hadi karibu na kitako. Nafasi inayobaki isizidi milimita 2. Ikizunguka vizuri dakika kumi kisha ikachoka, angalia pengo la pete na msuguano wa fimbo, kwani vyote hubadilika kwa joto.

Jenereta na betri

Altaneta ya gari haifai: huhitaji mwendo mkubwa, na umeme wa kuamshia sumaku yake pekee unazidi ule tutakaouzalisha. Mota ya waipa nayo haifai, kwa sababu gia yake haizungushwi kinyumenyume. Tafuta mota ya DC yenye sumaku za kudumu, kwa mfano ya volti 24 kutoka kwenye skuta ya umeme. Izungushe kwa drili unayoijua mwendo wake na upime volti kwa multimita. Unataka volti 15 au 16 ikiwa haina mzigo, kwa mwendo ambao mkanda wako utaupa. Injini ikizunguka mara 300 kwa dakika, puli ya sentimita 30 ikizungusha ya sentimita 4, mota itapata karibu mizunguko 2,250 kwa dakika. Ikitoa volti nyingi mno, ongeza puli ndogo iwe kubwa kidogo.

Kutoka kwenye mota waya upite kwenye diodi ya Schottky, ambayo hupoteza volti chache kuliko diodi ya kawaida na huzuia betri isiigeuze mota kuwa injini, kisha kwenye fyuzi ya ampea 5 iliyo karibu na betri. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 7 hadi 12 inatosha. Ikifika volti 14.4, hamishia umeme kwenye balbu ili isichajiwe kupita kiasi, na usiiache ishuke chini ya volti 12. Tumia taa za volti 12 moja kwa moja, na chaja ya simu ya kwenye gari. Inveta hula sehemu ya umeme huu mdogo hata ikiwa haijawasha kitu. Nyaya hizi zisiunganishwe kamwe na nyaya za umeme wa gridi zilizomo nyumbani.

Kuhusu kuongeza presha

Kanuni ya Beale inaonyesha kwamba presha ikiongezeka mara 4, nguvu nayo huongezeka mara 4. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitumia njia hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika jenereta ndogo ya karibu wati 200 iliyokusudiwa kuendeshea redio, yenye hewa iliyogandamizwa ndani. Kishawishi ni kikubwa. Lakini bar 4 kwenye mfuniko wa kipenyo cha sentimita 25 ni nguvu ya karibu tani 2, ikiwa imekaa juu ya chuma kilichodhoofishwa na moto, jikoni. Kazi hiyo ni ya karakana yenye mhandisi wa vyombo vya presha, yenye majaribio ya maji na valvu ya usalama. Nyumbani, anayetaka nguvu zaidi aongeze ujazo wa silinda.

Matunzo

Masizi kwenye kofia huzuia joto, kwa hiyo yakwanguliwe kila wiki jiko likiwa baridi. Pete za tefloni zitolewe na kupimwa baada ya wiki za mwanzo, kisha kila baada ya miezi michache. Zikiwa zimepungua unene au pengo limezidi milimita 3, badilisha. Fimbo ifutwe na ipakwe grafiti upya. Kofia ikaguliwe kwa ndani na kwa nje kila unapoifungua, na ikionyesha magamba au ufa kwenye mshono, ichomelewe upya kabla ya kutumika tena. Unapotaka kuboresha, pima volti na ampea injini ikiwa imetulia, badilisha kitu kimoja tu, kisha upime tena kwa moto uleule na maji yenye joto lilelile.